Nimeahidi kutunza siri ya wifi yangu, na sasa siri yenyewe inanitisha

Mshauri, salaam.

Nina miaka 54, naishi Tanga mjini, nashona nguo, na ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 28. Mwaka jana kikoba chetu kilichagua wanawake watatu kwenda kufundishwa namna ya kumsikiliza mtu aliyezidiwa na mawazo. Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Tulifundishwa kukaa na mtu bila kumkatiza, kutomwambia "jikaze", kumsomea maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita na kuandika alama zake, kumsaidia achague tatizo moja la kuanzia, na kumpeleka zahanati akizidiwa. Tulipewa vyeti na daftari. Muuguzi aliyetufundisha alikuwa akikutana nasi kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Miezi miwili baadaye mradi ukaisha, hatujamwona tena.

Watu hawakuacha kuja. Wananibishia hodi hadi saa nne usiku. Mwezi uliopita nilisikiliza watu 19. Wengine wanarudi wanacheka, wengine hawarudi kabisa, nami sijui nimewasaidia au nimewaharibia.

Lakini lililonifanya niandike ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Ana miaka 26 na mtoto wao wa pili ana wiki 13. Mdogo wangu anaendesha lori kutoka Dar hadi Lubumbashi, hurudi baada ya wiki tatu au nne. Wifi anakaa kwa mama yangu. Tangu mtoto akiwa na mwezi mmoja, mama mtu halali hata mtoto akilala. Chakula anakichezea. Ananyonyesha huku anatazama ukuta. Nilimsomea yale maswali, akapata alama 17. Swali la mwisho, lile la kufa, nililiruka. Niliogopa nisije nikamtia wazo ambalo hana.

Wiki iliyopita akanishika mkono, akataka niahidi kwamba sitamwambia mtu, hasa mama na mumewe. Nikaahidi. Ndipo akasema: "Wifi, wanangu wangelelewa vizuri zaidi na mama kuliko mimi. Natamani nilale nisiamke." Mafunzoni tulisisitiziwa kwamba siri ya mtu ni amana, anayeitoa hafai kazi hii.

Mama anasema ni jini. Amekwisha kukubaliana na mganga, na Ijumaa ijayo wampeleke akapungwe siku tatu, mtoto abaki nyumbani kwa maziwa ya kopo. Nikimwambia mama niliyoyasikia, atasema ndiye huyo jini anayesema. Nikimpigia mdogo wangu akiwa barabarani, naogopa atapata ajali, au atakasirika amrudishe mke kwao Lushoto. Nikienda zahanati, manesi wawili ni wanachama wa kikoba chetu, mtaa mzima utajua. Tena nimesikia kutaka kujiua ni kosa la jinai, mtu hukamatwa.

Na yeye ananiamini mimi tu. Jumapili alinipa doti zake mbili za kanga, mpya kabisa, akasema zitanipendeza kuliko yeye. Nikafarijika kuona angalau upendo bado upo.

Nafikiria kuiacha kazi hii. Siku tano si elimu. Lakini je, nivunje ahadi au nikae nayo? Na nikiacha, hawa watu waende wapi?

Mwenye Ahadi, Tanga

Jibu

Mama, shikamoo.

Kwa sababu ya zile kanga hatukusubiri barua yako ichapishwe. Ulijibiwa kwa faragha siku ileile ilipofika. Hapa tunarudia tuliyokuambia na kuongeza mengine, na mambo yanayoweza kumtambulisha wifi yako tumeyabadilisha.

Umeuliza kama uvunje ahadi. Nikiisoma barua yako naona umebeba mizigo kadhaa iliyofungwa kamba moja: wifi anayetamani kutoamka, mama mwenye jibu lake tayari, mdogo wako aliye mbali, Ijumaa inayokaribia, na watu 19 barazani. Umechoka, na aliyechoka hivyo kila kitu hukiona kama swali moja la ndiyo au hapana. Tuifungue kamba hiyo taratibu.

Kwanza kanga. Yawezekana ni upendo tu. Wanawake wa pwani hupeana kanga kila siku. Lakini mtu aliyekwambia anatamani asiamke, kisha akaanza kugawa vitu vyake vipya, anahitaji kuulizwa waziwazi, tena leo. Hofu yako kwamba swali litamtia wazo wanayo karibu wote wanaoanza kazi hii, hata wauguzi. Haiko hivyo. Mwenye wazo hilo huwa amekaa nalo peke yake usiku kucha, na akiulizwa kwa upole mara nyingi hupumua. Asiye nalo hukwambia hana, mkaendelea. Kinachoharibu ni kuuliza kwa kukanusha: "Huwazi kujiua, sivyo?" Hapo umekwisha kumpa jibu unalotaka kulisikia.

Mkiwa wawili, mtoto ameshanyonya, mwambie kwa maneno yako: "Wifi, mtu akichoka kama ulivyochoka, wakati mwingine huwaza kujiua. Wewe mawazo hayo yamekujia?" Kisha nyamaza. Ukimya wa nusu dakika ni mrefu sana, nawe utatamani kuujaza, usiujaze. Akisema ndiyo, uliza yanakuja mara ngapi, kama amefikiria atafanyaje, kama kitu hicho kiko karibu naye, kama ameshapanga siku, na kama aliwahi kujaribu zamani. Muulize na kuhusu mtoto. Mama wengi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hupitiwa na picha ya kutisha ya mtoto kudhurika, wakaogopa hata kumwogesha. Hofu hiyo yenyewe yaonyesha hataki. Akikwambia anasikia sauti inayomwamuru, au anaamini mtoto si wake au amebadilishwa, au maneno yake hayashikani tena, hiyo si sonona ya kawaida. Ni dharura, na hospitali ni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama mama hataki.

Vivyo hivyo akiwa na njia na siku. Hapo haachwi peke yake hata akienda msalani, na vitu vya hatari vinaondoka nyumbani: dawa za wadudu, vidonge vilivyobaki kwenye kabati, chochote alichokitaja. Akiwa na mawazo bila mpango, bado anahitaji kuonwa na mtaalamu, ila una siku moja au mbili za kupanga mambo pamoja naye. Tofauti hiyo huwezi kuijua bila kuuliza.

Kuhusu alama 17. Maswali yale tisa kila moja hubeba kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 15 hadi 19 huhesabiwa sonona iliyozidi kiwango cha kati, na 17 yako haina swali la tisa. Kwa mzazi kuna mtego: usingizi mbovu na uchovu ni vya kila mwenye kichanga, kwa hiyo alama zinaweza kupanda bure. Lakini umeandika kwamba halali hata mtoto akilala, na hicho ndicho kinachotenganisha uchovu wa uzazi na ugonjwa. Uliona sawasawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika mtaa wako hayuko peke yake, ila yeye hajui.

Sasa ahadi. Walimu wako walikuambia siri ni amana, na ni kweli. Sentensi iliyokosekana ni ile inayosemwa mwanzo kabisa, kabla mtu hajafungua mdomo: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Hapo nitatafuta msaada, nitakwambia kwanza, na tutaamua pamoja tumwambie nani." Ungeisema ile siku aliposhika mkono wako, usingekuwa na kitendawili hiki. Hukuisema, huenda kwa kuwa hukufundishwa. Bado inaweza kusemwa leo.

Nami nakuomba uitazame upya hiyo ahadi yenyewe. Aliyekushika mkono aliogopa nini hasa? Kuambiwa ana jini? Kunyang'anywa mtoto? Kurudishwa Lushoto? Ukijua anachokiogopa, unaweza kukilinda hicho, hata kama maneno yote hukuyaficha. Rudi kwake, usizunguke nyuma yake. Mwambie uliahidi kabla hujajua uzito wa jambo, kwamba huwezi kuubeba huu peke yako, na kwamba yeye ndiye atakayechagua nani aambiwe, nani aseme, na lipi lisisemwe. Anaweza kukukasirikia. Anaweza kukunyamazia siku mbili tatu. Ukienda nyuma yake akagundua, huenda akakunyamazia kabisa, na siku ya hatari hutakuwa na mlango wa kubisha. Kwa upande mwingine, ukiendelea kukaa kimya ili akuamini, unabaki wewe tu kati yake na lolote litakalotokea, nawe usiku umelala kwako.

Nani basi? Kila mlango una kizingiti chake.

Mdogo wako ana haki na ana sauti. Neno lake moja kwa mama laweza kusogeza hiyo Ijumaa. Hofu ya barabarani ni ya kweli, kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu liwe "Umeegesha?" Halafu maneno machache: mkeo anaumwa, ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi, unatibika, anahitaji umpigie kila jioni na uzungumze na mama. Si lazima yeye asikie kila sentensi uliyoisikia wewe. Kama unamjua kuwa ni mtu wa hasira za haraka, pengine asiwe wa kwanza. Wewe unamjua, mimi simjui.

Mama yako ni mgumu zaidi, na nadhani mmekuwa mkivutana mahali pasipofaa, yaani jini yupo au hayupo. Ubishi huo hutaushinda, na hauhitajiki. Zungumzeni kuhusu siku tatu. Ngoma za usiku zitamnyima usingizi mtu ambaye ugonjwa wake unakula usingizi. Ziwa lisilonyonywa siku tatu huvimba na kuleta homa. Mtoto wa wiki 13 kuzoeshwa chupa ghafla ni kuharisha kunakosubiri mlango. Hoja hizi bibi yeyote anaziheshimu. Unaweza kumwomba aanze na dua hapo nyumbani, mtoto akiwa kifuani, na damu ya wifi ipimwe kwanza, maana upungufu wa damu baada ya kuzaa na matatizo ya tezi ya thairoidi huweza kumfanya mtu awe kama wifi yako alivyo, na mganga hana kipimo cha hayo. Akikataa kata kata, utajua umefika wapi, na huenda hapo ndipo mdogo wako aingie.

Kuna njia moja iliyojaribiwa vijijini Pakistan ambayo inakuhusu moja kwa moja. Wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wa vijijini, walifundishwa kuwasaidia wajawazito na wazazi wenye sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliokuwa bado wagonjwa katika kundi lao walikuwa 23 kati ya 100, na katika kundi lililotembelewa na wahudumu wasiofundishwa hivyo walikuwa 53. Kilichowafungulia milango ya wakwe ni kwamba hawakuingia na neno "akili". Waliingia na mtoto: tumekuja ili mtoto akue vizuri, na ili akue vizuri mama yake ale, alale, apate mtu wa kumpokea kazi. Mkwe anayekataa kusikia sonona hakatai mjukuu anenepe.

Nawe una nafasi hiyohiyo karibu sana. Mtoto wa wiki 13 anatakiwa kliniki wiki ya 14 kwa chanjo. Hakuna jirani atakayeuliza mnaenda wapi mkiwa na kadi ya kliniki mkononi. Kama zahanati yenu ina macho mengi, nendeni kituo kingine, au hospitali ya mkoa, Bombo, mkaombe kuonwa na wa afya ya akili. Andika kwenye karatasi mambo manne: yalianza lini, usingizi, chakula, na alichosema kuhusu kufa kwa maneno yake mwenyewe. Foleni ikiwa ndefu na nesi amechoka, karatasi hiyo itasema haraka kuliko wewe. Akipewa dawa, mjue mapema kwamba dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuonyesha nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi. Ataje kwamba ananyonyesha. Zipo zinazofaa kwa mzazi anayenyonyesha. Na kama hali ndiyo ile ya mpango na siku, msingoje wiki ya 14.

La sheria nitalipita upesi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu aliyejaribu kujiua. Kuwa na mawazo hayo, au kumsindikiza mwenye nayo hospitali, hakumo. Jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakwenda kinyume na katiba.

Nimebakiwa na wewe, Mama, na ile sentensi yako: "Siku tano si elimu." Sikubaliani nayo kwa haraka. Wale wa Pakistan walifundishwa siku mbili, wakaongezewa moja baadaye. Bibi wazee wa Harare, Zimbabwe, wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki, kazi iliyoanza mwaka 2006 na baadaye kufika hadi Malawi na Zanzibar, si madaktari. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona ni takriban 14 kati ya 100 upande wa bibi, na 50 upande wa huduma ya kawaida. Ila wale wa Pakistan walikutana na msimamizi kila mwezi, na bibi wa Harare walikuwa na wenzao wa kuzungumza nao na muuguzi wa kumpelekea aliye hatarini siku ileile. Wewe ulipoteza Alhamisi zako. Unadhani pengo lako ni la elimu. Mimi naona zaidi pengo la usimamizi, na haya mawili hayazibwi kwa njia moja.

Kuacha ni njia halali, wala si usaliti. Ukichagua hiyo, usizime taa ghafla. Waambie wanaokuja, wape wiki tatu hivi, na kila mmoja mwonyeshe pa kwenda. Kuendelea pia ni njia, lakini si kwa namna hii. Watu 19 kwa mwezi, bila saa na bila mtu wa kukusikiliza, hata mwenye shahada angechakaa. Unaweza kuweka siku mbili kwa wiki, watu watatu kwa siku, dakika 45 kila mmoja, na mwisho saa kumi na mbili jioni. Anayebisha baadaye aulizwe swali moja tu, kama yuko salama hadi kesho. Daftari liwe na namba, si majina. Unaweza pia kwenda halmashauri kumwulizia mratibu wa afya ya akili, ukiwa na cheti chako, umwombe saa moja kwa mwezi. Anaweza kukuzungusha. Anaweza pia kufurahi, kwani watu kama ninyi ndio anaowatafuta.

Na wifi yako, kwa vyovyote, hafai kuwa mmoja wa hao unaowaandika daftarini. Ni ndugu. Huwezi kuwa mshauri wake saa tisa na mtoto wa mama mkwe wake saa kumi. Katikati ya hizo mbili ndipo ahadi ilipokunasa. Kumpikia uji, kumshikia mtoto saa mbili mchana ili alale, kukaa naye kwenye foleni, hayo ni ya wifi, nayo ni dawa. Maswali tisa mwachie mwingine.

Jambo moja barua yako imelipita kimya. Mlikwenda mafunzoni wanawake watatu. Wenzako wawili wako wapi? Nao wanabishiwa hodi saa nne usiku?